Meneja wa sukari na unga, hebu tuone rosta yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu, meneja wa duka la jumla, aliyelalamika humu wiki ya Mei Mosi kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Alieleza kuwa sikukuu iliyopita aliwagawia wafanyakazi wake sukari na unga, akamtangaza mfanyakazi hodari na kumkabidhi bahasha, na bado Jumatatu wanachelewa, wateja wananuniwa na mzigo unahesabiwa ovyo. Akamalizia kwa methali: mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu, sasa wanataka nini tena?

Mimi sijawahi kuuza hata kiberiti. Ni muuguzi mstaafu, na miaka mingi ya mwisho ya utumishi wangu nilikuwa inchaji, yaani msimamizi, wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali huku Nyanda za Juu Kusini. Inchaji wa wodi ana mkono mtupu kuliko meneja yeyote. Mshahara hupangi wewe, kuajiri huajiri wewe, posho ikichelewa inachelewa na ya kwako, na fungu la kununua hata majani ya chai huna. Unachopewa ni watu wachache kuliko kazi iliyopo, na kazi yenyewe haina saa ya kufunga, maana mtoto huja saa anayotaka yeye. Kwa hiyo suala la kumfanya mtu ajitume wakati huna cha kumtia mfukoni nimelisomea kwa vitendo.

Kwanza lakini nimuulize meneja maswali yasiyopendeza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa moja na nusu ya ile ya kawaida. Je, vijana wanaoshusha mzigo gari likiingia usiku wanalipwa hivyo, au wanaambiwa "tusaidiane, sisi hapa ni familia"? Michango yao ya NSSF inafika, au kijana akienda kuulizia anakuta miezi imeruka? Likizo ya siku 28 wanaipata, au wanaisikia kwenye redio? Kilo mbili za sukari hazifuti deni. Nasema haya mapema kwa sababu nimewaona mabosi wanaopenda sana mada za motisha na uongozi bora, kumbe wanatafuta namna ya kupata jasho la mtu bila kulilipia. Kama ya kwako yako sawa, ndugu yangu, tuendelee.

Nilipokabidhiwa wodi, jambo la kwanza nililolishika ni rosta. Anayepanga zamu ndiye anayeamua nani atakula Krismasi nyumbani kwake, nani atakosa harusi ya mdogo wake, nani atapanda bodaboda usiku wa mvua kuja naiti, yaani zamu ya usiku. Rosta niliyoikuta ilikuwa inatoka Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu, na iliandikwa kwa penseli. Kwa penseli! Ilifutika kwa kila aliyekuwa na maneno matamu, na majina yaliyobaki kwenye usiku wa Ijumaa na Jumamosi yalikuwa yaleyale: wageni kazini, wasio na mtu mkubwa wa kuwasemea, na wale ambao hawakulelewa kulalamika. Si ajabu ED zilikuwa nyingi, yaani zile karatasi za daktari za kupumzika. Mtu asiye na njia ya heshima ya kuomba ofu ataitafuta kwa daktari. Leo kichwa, kesho mgongo.

Rosta ikawa ya mwezi mzima, kwa kalamu ya wino, inabandikwa ukutani tarehe 20 ya mwezi unaotangulia. Pembeni yake nikatundika daftari la maombi kwa uzi. Mwenye harusi, kipaimara, hitma au siku ya kumpeleka mtoto kliniki anaandika kabla ya tarehe 15, na aliyetangulia kuandika ndiye anayepata. Kubadilishana zamu ruksa, ila wote wawili wanasaini. Naiti ikazunguka kwa kila muuguzi bila kumruka mtu, pamoja na dada mmoja ambaye mumewe alikuwa mkubwa palepale hospitalini. Dada alinuna. Mume akaniita ofisini kwake. Nikaenda na rosta mkononi, nikaiweka mezani, nikamwomba anioneshe kwa kidole jina la muuguzi ambaye angependa alale wodini badala ya mkewe. Akaitazama, akanirudishia, tukaongea habari za mvua.

Sikukuu nilidhani zitanisumbua, lakini zilikuwa nyepesi kuliko yote. Waislamu walishika Krismasi na Pasaka, Wakristo wakashika Idd zote mbili, na mwezi ulipochelewa kuandama watu walishapangana wenyewe kabla sijaingia. Inchaji kwa kawaida hufanya asubuhi tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Krismasi asubuhi mimi nilikuwa naingia. Nilikaa saa chache, nikakagua vitanda, nikanywa chai nao. Watu hawasahau nani alikuwepo siku ile.

Halafu kuna hili, ambalo lilikuwa linaniudhi. Mfanyakazi akirudi kutoka likizo ya uzazi ya siku 84, sheria inamruhusu muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ya kazi. Sisi kazi yetu ni kuwahimiza akina mama wanyonyeshe miezi sita bila kumpa mtoto hata maji, na muuguzi wetu mwenyewe anakamua maziwa chooni kwa kificho kwa sababu anaona haya kuomba ruhusa! Nikayaandika masaa yale kwenye rosta, mbele ya jina lake, ili asiwe anayaomba kila siku kama hisani ya bosi.

ED zikapungua, na sikuwa nimeongezewa mtu hata mmoja. Sasa nimuulize meneja: zamu za Jumapili dukani kwako anapanga nani, na mtu anazijua siku ngapi kabla? Kijana anayeambiwa Jumamosi jioni, akiwa ameshika komeo la mlango, kwamba kesho aje, Jumatatu atachelewa. Analipiza, na huenda mwenyewe hajui kwamba analipiza.

Wateja kununiwa ni habari nyingine. Hapo nauliza unaongeaje nao mbele ya hao wateja. Uuguzi wetu wa zamani ulikuwa na mila ya kufokeana kwenye ripoti. Ripoti ni ule muda wa kukabidhiana wagonjwa kitanda kwa kitanda, waliokesha wanawaeleza walioingia. Hapo ndipo sista mkubwa alipokuwa akimuumbua mdogo: chati haijajazwa, dripu imeisha, wewe ulisomea wapi? Mama kitandani anasikia yote. Mkishaondoka, mama yule hataki tena kuchomwa sindano na binti yule, na binti naye siku nyingine akikosea kipimo cha dawa atanyamaza. Leba si mahali pa kuficha kosa, watu wanakufa. Kilichonizuia kugombeza hadharani ni hofu hiyo, wala si upole, na walionifahamu watakwambia upole sina.

Nilikuwa nikimwita mtu ofisini, mlango nafunga, naanza kwa kuuliza ilikuwaje. Kulikuwa na muuguzi mmoja hodari kweli, lakini kila asubuhi ripoti inaanza hayupo. Barua ya onyo ilikuwa njiani. Nilipomuuliza, kumbe mtoto wake yuko darasa la awali, geti la shule linafunguliwa saa moja na robo, na kutoka pale hadi hospitalini hakuna njia ya mkato. Tukampa zamu za mchana na usiku mpaka mtoto alipozoea kwenda na watoto wa jirani. Barua haikuandikwa, na mimi sikumpoteza mtu ambaye mkono wake kwenye kuzalisha ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

Meneja asije akadhani namwambia abembeleze kila mtu. Alikuwepo mhudumu aliyekuwa anawaomba akina mama "soda" kabla ya kuwasogezea beseni la maji ya moto. Huduma ya kujifungua kwenye hospitali ya serikali kwa sera ni bure, na hata ingekuwa ya kulipia, si kwake. Nilimwita, nikamsikiliza, akakana. Akina mama wawili wakakubali kuandika maelezo. Nikaandika barua, nikaifuatilia ngazi kwa ngazi mpaka kamati ikakaa. Ilichukua muda, na nilipigiwa simu na watu ambao sikuwatarajia wakiniomba nimwonee huruma, ana watoto. Hata walioombwa soda wana watoto. Shauri lilipoisha niliona kitu ambacho nataka meneja akisome mara mbili: waliochangamka zaidi walikuwa wale wachapakazi. Wengine walikuja kunisaidia mambo ambayo sikuwaagiza. Mchapakazi anaweza kustahimili kazi nzito. Kinachommaliza ni kumwona mwenzake anaiba au anazembea, kisha wote wawili wanapokea mshahara siku moja, na bosi anapita anasalimia tu. Ukiona hodari wako amepoa, mtazame aliye kaunta moja naye, halafu jiulize umemfanya nini huyo.

Kuhusu mzigo kuhesabiwa ovyo, nitasimulia habari ya ndoo.

Mwaka 2007 hospitali zetu zilianza kupokea utaratibu wa Kijapani wa 5S na Kaizen, yaani kupanga vizuri mahali pa kazi na kuboresha kazi kidogo kidogo. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza kujaribu, kwa msaada wa Japani kupitia shirika lake la JICA, na mfano ulioigwa ulitoka Sri Lanka, kwenye hospitali ya wanawake ya Castle Street iliyoko Colombo. S tano zenyewe ni Sasambua, Seti (yaani panga), Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ulipotufikia sisi, wengi tulidhani ni wimbo mwingine wa kubandika ukutani, na kwingine ndivyo ulivyoishia. Nimewahi kuona bango zuri la 5S limegongomewa juu ya kabati ambalo ukilifungua linakumwagikia. Lakini mpango ule ulikuwa na jambo moja la maana: inaundwa timu ya kuboresha kazi humohumo wodini, mhudumu na mfagizi wanakaa na daktari, na wazo la mfagizi linajaribiwa kama la daktari.

Kwetu wazo lililotufaa zaidi lilitoka kwa mama mmoja mhudumu, mwenye elimu ya darasa la saba. Mzazi akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, tulikuwa tunakimbizana. Mmoja anatafuta kanula, mwingine anatafuta dripu, wa tatu anauliza ufunguo wa kabati uko kwa nani. Anayetumwa mbio kote huko ni mhudumu, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona kwamba vitu tunavyovitafuta kwa fujo ni vilevile kila mara. Akauliza kwenye kikao, kwa sauti ya chini kabisa, kwa nini visikae pamoja. Tukanunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Ndani kanula, dripu, glovu ndefu, katheta, mirija ya kuchukulia damu, na orodha imebandikwa juu. Ndoo ikawekwa juu ya friji la dawa, maana oxytocin, dawa ya kuzuia damu hiyo, lazima ikae kwenye baridi, basi ukinyanyua ndoo unafungua friji hapohapo. Kila zamu inahesabu na kusaini. Ndoo ile tuliiita kwa jina la mama yule, na mpaka nastaafu, wakaguzi wakija, yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza habari zake. Mimi nilisimama nyuma. Hakupandishwa cheo wala mshahara kwa ajili hiyo, lakini hakuna tena aliyethubutu kumwambia kazi yake ni kudeki.

Vijana wako wa stoo, meneja, wanajua hesabu inapotelea wapi. Nina hakika. Ila kwenye kikao usianze kusema wewe, kwa sababu bosi akishatoa lake waliobaki kazi yao ni kuitikia. Vikao vyetu vilikuwa vya kusimama, vifupi, na neno la kwanza lilikuwa la wahudumu.

Nije sasa kwenye jambo ambalo sijalisikia likitajwa kwenye semina yoyote ya uongozi, na mimi naliweka mbele ya yote niliyosema isipokuwa rosta. Mfanyakazi wa chini ana makaratasi. Anangoja kupandishwa daraja, anadai malimbikizo, nauli ya likizo ambayo mtumishi hulipwa kila baada ya miaka miwili, fomu ya mkopo benki inataka saini ya mwajiri. Aliye zamu ya asubuhi akitoka anakuta ofisi zimefungwa. Aliyetoka naiti anafika anasinzia, anaambiwa njoo kesho. Kila Jumatano mchana nilikuwa nakusanya yao yote kwenye bahasha moja, nakwenda kwa Katibu wa Afya, mwenye kushughulikia mambo ya utumishi hospitalini, navuta kiti nakaa, naulizia moja moja. Mara nyingi jibu lilikuwa "bado". Nilirudi na bado hiyohiyo, lakini nikimweleza kila mtu limekwama wapi na liko kwa nani. Nimewahi kuona muuguzi anafuta machozi kwa kuelezwa tu kwamba faili lake limeonekana, halijapotea. Siku iliyofuata huyo ukimwomba abaki saa moja kwa sababu mwenzake kapata dharura, atakuuliza hata kwa nini unamwomba kwa unyenyekevu hivyo?

Hata tathmini ya kazi niliiweka kwenye kundi hilo. Tangu enzi za fomu za tathmini za serikali zilizoitwa OPRAS mpaka mfumo wa kompyuta wa PEPMIS ulioziondoa, malengo tulikuwa tunaandika tukiwa wawili mezani, Julai, mwaka wa fedha unapoanza. Nimewasikia viongozi wanaojaza ya mwaka mzima kwa siku moja ya Juni, peke yao, wakigawa alama kama pipi. Mtu akiona alama zile anajua kabisa kwamba hukuwa ukimtazama.

Bahasha ya mfanyakazi hodari sina ugomvi nayo. Nimekaa uwanjani Mei Mosi na fulana ya kaulimbiu, jua la saa sita, nikapiga makofi kama wengine. Shida ni pale jina linapotangazwa na wenzake wakaanza kutazamana. Kama huwezi kusema alifanya nini, bahasha ile umempa mmoja na umewatukana waliobaki. Na "ana bidii na nidhamu" hiyo ni sifa ya kusoma msibani. Wodini nilikuwa nasema hivi: juzi usiku, kitanda namba sita, fulani alipima presha akaona imepanda, hakungoja asubuhi, akamwita daktari, akakaa na mama mpaka ikatulia, leo mama na mtoto wameruhusiwa. Dakika moja basi. Waliobaki wameshajua hapa kinachothaminiwa ni nini, na siku hiyo usiku presha zote zinapimwa.

Tarehe 12 Mei ni Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1820. Watu wanamkumbuka kwa taa yake kwenye hospitali ya vita kule Scutari, Uturuki. Sisi tuliosomea kazi hii tunamjua zaidi kama mtu wa hesabu na mipangilio, na mwaka 1859 aliandika kwamba msimamizi ajiulize atafanyaje ili yale anayoyafanya akiwepo yafanyike asipokuwepo. Nilipokwenda likizo sikuwa napiga simu wodini. Nilikuwa nikirudi nasoma daftari la ripoti ukurasa kwa ukurasa: ndoo imehesabiwa, naiti imekwenda kwa zamu, waliobadilishana wamesaini wote wawili. Meneja anaweza kulijaribu hilo wiki moja tu, simu ameizima, na asitangaze siku ya kurudi.

Ombi langu la mwisho ni kwako Mhariri. Kila Mei Mosi unachapa picha za wafanyakazi hodari wakipokea vyeti. Chini ya picha jina la mgeni rasmi huandikwa lote, na cheo chake, na mpokeaji anaitwa "mmoja wa wafanyakazi". Mwakani mwandishi wako amsogelee mtu huyo, amuulize jina, ni muuguzi wa wapi au dereva wa nini, na mwaka huo alifanya nini mpaka akachaguliwa, halafu ayaandike hayo chini ya picha. Mgeni rasmi tayari tunamjua.

Muuguzi mstaafu,
Makambako, Njombe